Hekalu la Kirumi lilikuwa hazina, masijala, mizani na bunge. Karibuni tulijadili

Kalamu ya Mwanzi (mwenye uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nilikaa Roma miaka miwili kimasomo. Jioni nikitoka maktaba njia yangu ilipita juu ya uwanja wa kale unaoitwa Forum, chini ya kilima cha Capitolium. Miguuni mwa kilima hicho zimesimama nguzo nane, sita za mbele za kijivu na mbili za ubavuni zenye wekundu kwa mbali. Ukiuliza utaambiwa ni hekalu la Saturnus. Miezi ya mwanzo nilizipita nikiamini kwamba humo watu walikuwa wakiingia kusali, kama tunavyoingia msikitini au kanisani. Nilikosea, na naona wengi tuliosoma habari za Roma juu juu tunabeba kosa hilohilo. Ndiyo maana nafungua uzi huu.

Zile nguzo ni za hazina. Ndani ya msingi wa hekalu la Saturnus ndimo Roma ilimoweka fedha zake za umma kwa mamia ya miaka. Humo pia ziliwekwa sheria zilizopitishwa, maazimio ya Seneti, vitabu vya hesabu, hata alama za vikosi vya jeshi wakati havipo vitani. Saturnus alikuwa mungu wa mbegu na mavuno. Sanamu yake ilifungwa miguu kwa uzi wa sufu mwaka mzima, ikafunguliwa kwenye sikukuu yake tu, Saturnalia, iliyoanza tarehe 17 Desemba, wakati ambapo bwana na mtumwa waliweza kuketi kula pamoja.

Hoja yangu ni hii: kwa Mrumi, hekalu lilikuwa ofisi ya umma ambayo mwenye nyumba ni mungu. Ukitaka kuwaelewa watu hawa, usianze na hadithi za miungu kuoana na kugombana, maana nyingi waliziazima kwa Wagiriki. Anza na maswali ya mkaguzi wa hesabu: humu ndani kimehifadhiwa nini, na ufunguo anao nani?

Hazina ile ilisimamiwa na maofisa vijana walioitwa kwestori, wakichaguliwa kwa mwaka mmoja. Makarani waliokuwa chini yao walikaa miaka na miaka. Bosi mgeni, karani mwenyeji: wengi humu mmefanya kazi maofisini, mnajua hapo anayetawala ni nani. Karibu mwaka 64 KK akaja kwestori mmoja, Cato, yule aliyekuja kuwa adui mkubwa wa Julius Caesar. Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, anasimulia kwamba kabla hajaomba nafasi hiyo alizisoma kwanza sheria zake na kuwauliza wazoefu. Alipoingia, makarani wakamgomea. Cato akamfukuza mmoja wao. Akakuta madeni ya zamani ambayo serikali inawadai watu, na mengine ambayo watu wanaidai serikali. Yote akayashughulikia: waliodaiwa wakalipa, waliodai wakalipwa. Kisha akawaita mmoja mmoja wale waliolipwa na dikteta Sulla kwa kuua raia walioorodheshwa wauawe, akawadai warudishe fedha hizo kwa kuwa ni mali ya umma iliyochukuliwa kwa haramu. Alifika kazini wa kwanza, akaondoka wa mwisho. Na hata muda wake ulipokwisha, alinunua kwa talanta tano vitabu vya hesabu kuanzia enzi za Sulla hadi zake, na akawa na watu wake waliokwenda kunakili miamala ya hazina kila siku.

Nampenda sana Cato huyu wa hazina. Huyu wa vitani na kujiua simjali kiasi hicho.

Miaka kumi na tano baadaye, 49 KK, Caesar aliingia mjini na jeshi lake akitaka fedha za akiba. Tribuni mmoja (ofisa mtetezi wa makabwela), Metellus, akasimama mlangoni kumzuia kwa jina la sheria. Caesar akamjibu kwamba wakati wa silaha si wakati wa sheria. Funguo hazikuonekana, akaita wahunzi wavunje makomeo. Metellus alipozidi kukaza, akamtishia kumuua. Akiba ile ilikuwa imewekewa laana: isiguswe ila kwa vita dhidi ya Wagallia, watu wa nchi ambayo leo ni Ufaransa. Caesar akasema Wagallia amekwisha kuwashinda yeye, kwa hiyo laana imeondoka.

Nitaendelea na mahekalu mengine. Karibuni kwa maswali.

Mama Wawili

Ndugu yangu, umenifumbua macho. Sasa kama ndani kuna sanduku la fedha na nyaraka, waumini walisali wapi?

Kalamu ya Mwanzi

Dada, nje. Madhabahu yalijengwa nje, mbele ya ngazi, chini ya anga. Ndani ilikaa sanamu ya mungu pamoja na zawadi alizotunukiwa. Watu walisimama uwanjani, anayeongoza tambiko akajifunika kichwa kwa toga yake, lile vazi la Kirumi, mmoja akimsomea maneno ya kutamka, mwingine akihakikisha hakuna linalorukwa, mwingine akiamuru kimya, na mpiga filimbi akipuliza ili sauti yoyote mbaya isisikike. Neno likikosewa, walirudia tangu mwanzo. Hapakuwa na mahubiri, hapakuwa na kitabu kitakatifu cha imani, na hakuna aliyekuuliza moyoni unaamini nini. Walichojali ni kwamba kilichoahidiwa kimetolewa, na kimetolewa sawasawa.

Kiswahili kina neno linaloliingia jambo hili barabara: nadhiri. Jemadari akibanwa vitani aliweka nadhiri kwa mungu fulani, "nikishinda nitakujengea nyumba". Akishinda, hilo ni deni la taifa. Mahekalu mengi ya Roma ni nadhiri zilizoondolewa.

Mfano ninaoupenda ni wa Aesculapius, mungu wa tiba. Mwaka 293 KK tauni iliushika mji, wakatuma ujumbe Ugiriki kumleta mungu huyu, na mwaka 291 KK hekalu lake likawekwa wakfu kwenye kisiwa katikati ya mto Tiber. Karne zilipopita, baadhi ya mabwana wakawa wanawatupa watumwa wao wagonjwa kisiwani hapo ili wasigharimie matibabu. Mfalme Claudius akaamuru kwamba mtumwa aliyetupwa hivyo akipona ni mtu huru, na bwana atakayemuua badala ya kumtupa atashtakiwa kwa mauaji. Hadi leo kisiwa hicho kina hospitali.

Kalamu ya Mwanzi

Naendelea. Ng'ambo ya pili ya Forum zimebaki nguzo tatu ndefu nyeupe. Hizo ni za hekalu la mapacha Castor na Pollux, lililowekwa wakfu mwaka 484 KK. Seneti ilikutana humo mara nyingi, kwa sababu azimio la Seneti halikuwa halali isipokuwa limetolewa mahali palipowekwa wakfu na waaguzi. Lakini kwa mtu wa sokoni, hekalu hilo lilikuwa mizani. Yamepatikana mawe ya kupimia yenye maandishi kwamba yamehakikiwa "kwa Castor". Muuza nafaka akituhumiwa kupunja, jiwe lake lililinganishwa na la pale. Watu pia waliweka amana zao humo, kwenye vyumba vidogo vilivyokuwa ndani ya msingi.

Juu kilimani, kwenye hekalu la Juno Moneta, ndiko sarafu zilikofuliwa. Lugha nyingi za Ulaya zinaita sarafu kwa jina la mungu huyo bila kujua.

Na kwa Vesta, mungu wa moto wa jikoni, ziliwekwa wosia. Vesta alihudumiwa na wanawake sita waliochukuliwa wakiwa na umri wa miaka 6 hadi 10, wakatumikia miaka 30: kumi ya kujifunza, kumi ya kufanya kazi, kumi ya kufundisha wengine. Moto wake ulipaswa usizimike. Aliyevunja kiapo cha usichana alifukiwa hai, na hilo silipambi kwa neno lolote. Lakini wanawake hao walikuwa na haki ambazo mke na binti wa Kirumi hawakuziota: kutoka chini ya mamlaka ya baba, kuandika wosia wao wenyewe, kutoa ushahidi. Wakubwa waliwaamini kuliko walivyoaminiana. Wosia wa Caesar ulikaa kwao. Mwaka 32 KK Octavianus, anayejulikana baadaye kama Augustus, alichukua kwa nguvu wosia wa mpinzani wake Antonius kutoka kwao akausoma hadharani, na maseneta wengi hawakupendezwa na kitendo hicho.

Fundi Mwashi

Mkuu, mimi ni fundi ujenzi, nimemwaga zege zaidi ya miaka ishirini. Nimeona picha ya lile kuba la Pantheon, hekalu la hukohuko Roma. Nisaidie: ni kweli halina nondo hata moja?

Kalamu ya Mwanzi

Hata moja, fundi. Upana wake ni mita 43.3, na kutoka sakafuni hadi juu ni urefu huohuo, kwa hiyo mpira mmoja mkubwa ungekaa ndani ukagusa sakafu na dari. Mpaka leo hakuna kuba la zege lisilo na nondo linalolizidi ukubwa duniani.

Siri yake wewe utaielewa kuliko mimi. Chokaa yao waliichanganya na majivu ya volkano, ikashika hata majini. Na kokoto walizibadilisha kadiri walivyopanda. Chini waliweka mawe mazito, katikati wakachanganya vipande vya matofali, juu kabisa yale mawe ya volkano yenye matundu, mepesi hata yanaelea. Unene nao unapungua, karibu mita 6 kwenye kitako cha kuba, chini ya mita 2 kileleni. Dari limechimbwa visanduku, safu 5 zenye visanduku 28 kila moja, na pale juu ambapo zege lingekuwa na kazi ngumu kuliko zote, hakuna zege. Kuna tundu lenye upana wa zaidi ya mita 8. Mvua inaingia, sakafu ina matundu ya kuitoa.

Nguzo za mbele ni jiwe mojamoja lenye urefu wa karibu mita 12, zilizochongwa Misri, za kijivu zikitoka machimbo ya jangwani mashariki mwa Nile. Zikaburutwa hadi mtoni, zikapandishwa merikebu. Maandishi ya usoni yanamtaja Agrippa, mjenzi wa hekalu la kwanza lililoungua. Hadrianus, ambaye jengo la sasa lilikamilika katika utawala wake, karibu mwaka 125 BK, aliacha jina la mwenzake pale juu na lake hakuliandika.

Na kwa hoja ya uzi huu: inasimuliwa kwamba Hadrianus aliketi humo kusikiliza kesi. Hata chini ya kuba lile, shughuli ilikuwa ya umma. Mwaka 609 likawa kanisa, ndiyo maana halikubomolewa.

Fundi Mwashi

Kokoto nyepesi juu, nzito chini. Nimekaa kimya dakika nzima. Asante sana mkuu.

Mwana wa Kilwa

Kaka, nasoma kwa makini, ila niruhusu nipinge. Kwangu hii yote ni siasa kujificha nyuma ya miungu. Wakubwa walikuwa na fedha na sheria, wakaziweka kwa mungu ili mnyonge aogope kuuliza.

Kalamu ya Mwanzi

Pingamizi lako ni zito, na mifano unayo. Mwaka 59 KK Caesar alikuwa konsuli, yaani mmoja wa wakuu wawili wa serikali wa mwaka, pamoja na Bibulus. Caesar akaleta mswada wa kugawa ardhi, Bibulus akaja kuupinga kwenye hekalu la Castor, akasukumwa kwenye ngazi na kumwagiwa kapu la mavi kichwani. Akajifungia nyumbani mwaka mzima uliobaki, akawa anatuma matangazo tu kwamba leo anatazama anga. Kwa taratibu zao, siku ambayo ofisa anatazama anga kutafuta ishara, mkutano wa wananchi haukupaswa kupitisha kitu. Caesar akapitisha hivyohivyo, na kwa miaka mingi maadui zake wakawa wanadai sheria zake ni batili.

Kwa hiyo ndiyo, mbingu zilitumika kama breki ya siasa. Lakini sikubali kwamba ilikuwa maigizo matupu. Mwaka 249 KK, vita vya majini dhidi ya Karthago, jemadari wa Kirumi Claudius Pulcher aliletewa kuku watakatifu kabla ya kushambulia bandari ya Drepana, Sicilia. Kuku wakila kwa pupa ni fali njema. Wakagoma kula. Akawatosa baharini akisema kama hawataki kula, basi wanywe. Akapoteza merikebu 93. Aliporudi walimshtaki na kumtoza faini kubwa. Watu waliopoteza ndugu siku ile hawakuona mchezo ndani yake.

Na kuhusu mnyonge kuogopa kuuliza, nina jibu refu. Nipe muda.

Binti Shanga

Wakati tunamsubiri, niongeze la pwani kwetu. Katika karne ya 1 BK mfanyabiashara mmoja kutoka Misri, iliyokuwa chini ya Roma, aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za bahari hii yetu. Anataja soko la mwisho la pwani ya Azania, Rhapta, na anasema jina hilo limetokana na vyombo vya kushonwa. Wazee wetu wa Lamu waliojua mtepe watatabasamu. Kilichotoka huku ni pembe za ndovu na za kifaru, na magamba ya kasa. Zilizoletwa ni mikuki, mashoka, visu na shanga za kioo.

Maneno pia yalisafiri, kwa mkono wa Waarabu: dinari ni denarius, sarafu ya fedha ya Kirumi, kasri ni castrum, yaani ngome, sirati ni strata, ile barabara iliyosakafiwa. Na tukisema Januari tunamtaja Janus, ambaye milango ya hekalu lake ilifunguliwa wakati wa vita na kufungwa wakati wa amani.

Kalamu ya Mwanzi

Dada Binti Shanga, nashukuru sana. Hilo la Rhapta nilikuwa nimelisahau kabisa.

Sasa jibu kwa Mwana wa Kilwa.

Mwaka 494 KK makabwela wa Roma, waliolemewa na madeni hadi wengine kufungwa na kutumikishwa na wadai wao, waliweka silaha chini na kutoka mjini. Wakakaa kilimani. Hawakupiga mtu. Mji ukabaki na mabwanyenye wasio na wa kupigana wala wa kulima. Kilichopatikana ni tribuni, mtetezi wao, ambaye mwili wake uliwekwa wakfu: atakayemgusa amelaaniwa. Mwaka uliofuata, 493 KK, likawekwa wakfu hekalu la Ceres, mungu wa nafaka, kwenye kilima cha Aventinus, na hilo likawa lao. Ukimdhuru tribuni, mali yako iliuzwa kwa faida ya hekalu la Ceres. Na kuanzia 449 KK, kwa maelezo ya Livius, mwanahistoria wa Kirumi, maazimio ya Seneti yalianza kupelekwa huko yahifadhiwe na maofisa wa makabwela. Sababu anaitaja waziwazi: kabla ya hapo makonsuli walikuwa wakiyaficha au kuyachakachua.

Umeona, kaka? Wanyonge nao walijenga masijala yao, wakamkabidhi mungu wao, kwa sababu nakala ikiwa moja na ufunguo mmoja, anayeshika ufunguo ndiye anayeandika historia.

Lakini lilibaki jambo moja mikononi mwa wakubwa: kalenda. Siku za Kirumi hazikuwa sawa. Zipo ambazo unaweza kufungua kesi, zipo ambazo ni mwiko. Waliojua ni makuhani, na maneno kamili ya kufungulia kesi, ambayo ukikosea moja umeshindwa, nayo yalikuwa kwao. Mtu mwenye shida alikwenda kubisha hodi kwa mkubwa kuuliza: je, kesho naweza kudai haki yangu?

Akatokea Gnaeus Flavius. Karani, mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru. Mwaka 304 KK alichaguliwa kuwa edili, ofisa wa masoko na majengo ya mji. Msimamizi wa uchaguzi akakataa kulipokea jina lake kwa kuwa ni karani. Flavius akaweka chini vibao vyake vya kuandikia, akaapa kwamba ameacha ukarani, akaingia kazini. Kisha akayatangaza maneno ya kufungulia kesi, na kalenda akaiandika kwenye mbao nyeupe na kuzitundika kuzunguka Forum, kila mpita njia ajisomee.

Hakuishia hapo. Akajenga kijihekalu cha shaba cha Concordia, mungu wa maelewano, kwa fedha za faini walizotozwa wakopeshaji wa riba. Kuhani mkuu, Cornelius Barbatus, akasema hawezi kumsomea maneno ya kuweka wakfu, kwani hiyo ni heshima ya konsuli au jemadari. Wananchi wakamlazimisha. Akasoma, Flavius akafuatisha. Mabwanyenye wengi walikasirika hata wakavua pete zao za dhahabu.

Siku moja akaenda kumjulia hali ofisa mwenzake aliyekuwa mgonjwa. Chumbani walikuwa wameketi vijana wa koo kubwa, na wote wakakubaliana wasimwinukie. Flavius akacheka. Akaagiza kiti chake cha uofisa, kile cha pembe za ndovu, akakiweka kizingitini ili asitoke mtu, akakalia.

Mwana wa Kilwa

Nimekuelewa, kaka. Hicho kijihekalu cha shaba bado kipo?

Kalamu ya Mwanzi

Hakipo, shaba haidumu mahali penye vita na njaa. Lakini ukifika Forum, zipe mgongo zile nguzo nane za Saturnus, tembea hatua chache kuelekea tao la Septimius Severus. Kilikuwa maeneo hayo, kwenye kiwanja cha Vulcanus, mungu wa moto.